Ruzuku, Miche na Swali la Mwenye Mti: Upandaji Miti Musoma, Bunda na Butiama

Mwaka 1994 mradi wa miti uitwao Vi ulianza kazi Musoma. Jina hilo ni neno la Kiswidi lenye maana ya "sisi", na ni jina la gazeti lililokuwa la vyama vya ushirika vya Uswidi. Mwaka 1983 wasomaji wake walianza kuchanga fedha ili miti ipandwe Pokoti Magharibi, nchini Kenya. Kutoka huko kazi ilienea hadi Masaka, Uganda, mwaka 1992, kisha ikavuka kuja Mara. Michango ya wasomaji iliongezewa fedha za serikali ya Uswidi kupitia shirika la Sida. Sisi tuliozoea kuona msaada wa Waswidi ukija kwa mkono wa misioni yatupasa kuliangalia jambo hili kwa makini: fedha zilitoka katika nchi ya Kilutheri, lakini zilipita mlango wa ushirika wala si mlango wa kanisa.

Kwa nini Mara ilihitaji miti? Kilimo cha pamba kilikuwa kimekwisha kula mapori mengi. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ikawakusanya watu mahali pamoja, na kuni zilizokuwa zikitafutwa katika eneo pana zikaanza kukatwa kandokando ya makazi. (Mwalimu Nyerere, aliyeiongoza sera hiyo, alirudi kulima Butiama baada ya kung'atuka urais mwaka 1985.) Baadaye sangara alipotawala Ziwa Victoria, wachuuzi walihitaji moto mwingi kumkausha au kumkaanga, kwa kuwa ana mafuta mengi na hakauki vizuri juani kama dagaa. Mwambao wa Musoma na Bunda ukailipia biashara hiyo kwa miti yake.

Tena watu walikuwa na kumbukumbu. Wakati wa Waingereza, katika Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma ilikuwa sehemu yake, habari za hifadhi ya ardhi zilifika kijijini zikiwa amri yenye faini, na mapori yalifyekwa kwa agizo la serikali ili kumfukuza mbung'o. Mtu ambaye baba yake aliamriwa kufyeka hawezi kulaumiwa akimwangalia kwa mashaka mgeni anayemwambia apande. Ndiyo maana elimu ya mazingira ilikuwa na uzito kuliko miche yenyewe. Mradi wa Vi haukukusudia kupanda msitu wa serikali, bali kilimo mseto: miti ndani ya shamba la mkulima, pamoja na mahindi, mtama na mihogo yake, kwa ajili ya kuni, malisho, mbolea na nguzo. Mwalimu bora alikuwa jirani ambaye shamba lake lilionekana kutoka barabarani.

Mafundisho hayo yalikuwa na hatari zake. Lusina, mti uliosifiwa sana katika miaka ya 1980, ulishambuliwa na wadudu wadogo wafyonzao majani machanga, walioingia Afrika Mashariki mwaka 1992. Mkulima aliyeweka tumaini lake katika mti wa aina moja alibaki na vijiti.

Hapa ndipo ruzuku inapohitaji kuchunguzwa. Taarifa kwa mfadhili hupenda hesabu ya miche iliyotolewa, kwa kuwa hiyo hupatikana siku moja. Miche iliyo hai baada ya kiangazi cha tatu hudai mtu arudi kuihesabu, wala hakuna bajeti ya kurudi. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati zake za kupanda miti nchini Kenya mwaka 1977, aliliona jambo hili mapema: akina mama walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Huo ulikuwa utaratibu wenye hekima, na sijui kwa nini vikundi vyetu vingi vya makanisa havikuufuata.

Lakini hata hesabu hiyo haijibu swali la mwenye mti. Katika jamii nyingi zetu, kupanda mti ni kudai ardhi. Mke humwagilia, hupalilia na kulinda mche usiliwe na mbuzi. Mti ukikomaa huwa wa mwenye shamba, na mumewe akifa, ndugu wa marehemu huja kuhesabu nguzo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza mila zinazomnyima mwanamke haki ya ardhi. Hata hivyo, wachungaji waliowahi kukaa katika kikao cha matanga wanajua ni mara ngapi sheria hiyo hutajwa pale.

Kuna pia msitu mdogo wa Muhunda, Butiama, karibu na Mwitongo. Wazanaki waliuheshimu kama makao ya roho, na mwiko ukaulinda bila ruzuku. Tukihubiri kwamba mwiko ule si kitu, twapaswa kusema ni nini kitakachosimama mahali pake. Torati ilikuwa na neno lake: Kumbukumbu la Torati 20:19 lazuia kukata miti ya matunda hata wakati wa kuuzingira mji. Katazo hilo husikika mara chache mimbarani. Badala yake twasikia usemi wa Luther na mche wa tufaha, ambao haukuonekana katika maandishi yoyote kabla ya mwaka 1944.

Walutheri si wa kwanza Mara. Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934. Mfano wetu ulio dhahiri zaidi umetoka Kilimanjaro, katika Dayosisi ya Kaskazini, ambako Askofu Fredrick Shoo alijulikana kwa kuwataka vijana wa Kipaimara wapande miti. Kijana wa Kipaimara hahitaji ruzuku ili apande. Anahitaji kipande cha ardhi ambacho baba yake hatakiuza pamoja na mti wake.