Hilful Fudhul: Mdhulumiwa na Wakubwa Walionyamaza



Katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo wazee waliyasema kwa hekima, na sisi tumeyafanya kichaka cha kujifichia. La kwanza ni "Subira yavuta heri." La pili ni "Mwenye nguvu mpishe." Leo nataka tuyapime kwa khabari za Makka ya zamani, tuone yanasimama wapi na yanaanguka wapi. Lakini kwanza nikupe kisa kilichonifanya nishike kalamu, nacho si kisa cha kujisifia.

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyenisomea chuoni tangu alifu mpaka akakhitimu Msahafu, aliajiriwa ukarani katika ghala moja. Usiku mmoja baada ya Isha aliningoja barazani mwa msikiti. Akanieleza kuwa msimamizi wake amemgeuza mchezo. Humwita kwa jina la kumdhalilisha mbele ya wachukuzi, humtupia madaftari chini ayaokote, humkata mshahara kwa makosa ya wengine, na kila siku humkumbusha kuwa nje ya lango wako vijana tele wanaoitaka kazi ile. Alikwenda kwa meneja mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa, "Mzoee, ndiyo tabia yake." Mara ya pili aliulizwa kwa nini wenzake hawalalamiki. Na wenzake walikuwa wakiona yote, nao wameinamia kazi zao.

Nikamwambia, "Mwanangu, subiri, Mungu anaona." Akanishika mkono, akenda zake. Baada ya miezi aliiacha kazi ile bila ya kulipwa haki zake, usingizi umempotea, na mtu akimwita kwa nyuma hushtuka. Tulipoonana tena aliniambia kwa adabu, "Maalim, wewe ndiye uliyetusomesha Hilful Fudhul. Mbona siku ile hukunikumbusha?" Sikuwa na jawabu. Makala haya ndiyo jawabu langu, ingawa limechelewa.

Basi tuirudie khabari hiyo. Ilikuwa kabla ya Utume, takriban mwaka 590 wa Miladi, na Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa kijana wa miaka kama 20. Mtu mmoja wa kabila la Zubayd kutoka Yemen aliingia Makka na bidhaa zake. Aliyezinunua ni Al-As bin Wail, mkubwa katika ukoo wa Bani Sahm. Akachukua mali, akazuia thamani yake. Alijua vyema alimfanyia nani. Katika Makka ya siku zile hapakuwa na serikali wala mahkama wala askari. Ngao ya mtu ilikuwa ukoo wake, na yule mgeni hakuwa na ukoo pale. Ndivyo walivyo waonevu wote, zamani na sasa. Hawamchokozi mwenye watu nyuma yake. Humtafuta aliye peke yake.

Yule mtu hakukaa kimya. Alikwenda kwa koo zilizokuwa zimefungamana kwa mapatano, nazo ni Abdud-Dar, Makhzum, Jumah, Sahm na Adi, akaomba wamsaidie kupata haki yake. Wakakataa, na juu ya hayo wakamkemea. Zingatia hapa, msomaji wangu. Mtu huyu alidhulumiwa mara mbili. Mara ya kwanza alidhulumiwa na Al-As aliyechukua mali yake. Mara ya pili alidhulumiwa na wakubwa waliokuwa na uwezo wa kusema neno moja likasikizwa, wakaona ni nafuu kumnyamazisha mlalamikaji kuliko kumgusa mwenzao. "Mzoee, ndiyo tabia yake" si neno jipya duniani.

Asubuhi, jua lilipochomoza na Makureshi wamekaa katika mabaraza yao pembezoni mwa Al-Kaaba, yule mgeni alipanda jabali la Abu Qubays linaloukabili Msikiti, akapaza sauti na kuieleza dhulma yake mbele ya mji mzima. Hakutukana wala hakuvunja kitu cha mtu. Alilitoa jambo katika faragha, ambako mwenye nguvu hushinda kila siku, akaliweka palipo na macho.

Ndipo akasimama mtu mmoja, Az-Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume, akasema kuwa jambo hili haliwezi kuachwa. Baada yake wakakusanyika Bani Hashim, Zuhra na Taym, na wengine pamoja nao, katika nyumba ya Abdullah bin Jud-an, aliyewaandalia chakula. Ilikuwa mwezi wa Dhul-Qaada, mmoja katika miezi mitukufu. Wakaapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa watakuwa mkono mmoja pamoja na mdhulumiwa mpaka apewe haki yake, awe mwenyeji au mgeni. Kisha hawakwenda makwao kulala. Waliondoka pale mpaka kwa Al-As bin Wail, wakazichukua zile bidhaa, wakamrudishia mwenyewe.

Kijana wa miaka 20 alikuwamo katika nyumba ile. Miaka mingi baadaye, naye keshapewa Utume, alisema kuwa asingependa kubadilishiwa mapatano yale kwa ngamia wekundu, nao ndio waliokuwa mali bora kabisa kwa Waarabu, na kwamba lau angeitwa kwa mapatano kama yale katika Uislamu, angeitika. Tafakari ukubwa wa neno hili. Waliopatana wengi wao walikuwa washirikina, na bado Mtume aliyaenzi mapatano yao, kwa kuwa kumsimamia mdhulumiwa ni wema popote unapopatikana.

Na yeye mwenyewe aliitika. Wanahistoria wa Sira, akiwamo Ibn Is-haq, wameeleza khabari ya mtu wa Irash aliyemuuzia Abu Jahl ngamia, naye akawa anamzungusha kwa malipo. Yule mtu akasimama mbele ya baraza la Makureshi, akauliza nani atamtolea haki yake. Wakamwelekeza kwa Mtume aliyekuwa amekaa upande wa Msikiti, na walifanya hivyo kwa kejeli, kwani walijua uadui uliopo baina yake na Abu Jahl. Walitaka kucheka. Mtume akainuka pamoja na yule mgeni, akaenda kugonga mlango wa Abu Jahl, akamtaka ampe mtu huyu haki yake. Abu Jahl alitoka rangi imemtoka usoni, akaingia ndani, akaleta malipo yote papo hapo.

Ndugu msomaji, Mtume siku zile alikuwa mwenyewe akiudhiwa na Abu Jahl huyo huyo. Alikuwa na udhuru wa kusema, "Mimi pia ananionea, nitakusaidiaje?" Hakuusema. Na lile baraza lililokuwa na uwezo wote halikufanya ila kucheka.

Kisa cha tatu ni cha zama za Muawiya, aliyefariki mwaka 60 wa Hijra. Gavana wa Madina alikuwa mpwawe kwa upande wa ndugu mume, Al-Walid bin Utba. Alikuwa na ugomvi wa mali na Sayyidna Husein bin Ali (R.A.), akaitumia nguvu ya cheo chake kumzuilia haki yake. Husein akaapa kuwa ama atatendewa insafu, ama atachukua upanga wake asimame katika Msikiti wa Mtume aite kwa Hilful Fudhul. Abdullah bin Zubayr, aliyekuwa amekaa papo hapo kwa gavana, akaapa kuwa akiita atasimama naye. Khabari zikamfikia Al-Miswar bin Makhrama, akasema vivyo hivyo. Zikamfikia Abdur-Rahman bin Uthman wa Bani Taym, naye akasema vivyo hivyo. Gavana aliposikia kuwa watu wanaongezeka mmoja baada ya mmoja, alimpa Husein haki yake. Upanga haukutoka alani. Zaidi ya miaka 80 ilikuwa imepita tangu siku ya nyumba ya Ibn Jud-an, na jina la mapatano yale lilikuwa bado linamtia hofu mwenye cheo.

Wanazuoni hawakuiacha khabari hii iwe hadithi ya kuburudisha. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), katika kitabu chake cha hukumu za utawala, Al-Ahkam As-Sultaniyya, ameitaja Hilful Fudhul katika mlango wa mahkama ya madhalim, yaani baraza la kusikiliza dhulma za wenye nguvu. Ameeleza humo kuwa dhulma ya watawala kwa raia ni jambo ambalo mwenye baraza hangoji aletewe mashtaka, hulichunguza mwenyewe. Na miongoni mwa waliotajwa kuwa na haki ya kulalamika mbele yake ni watu wa mishahara waliopunguziwa au kucheleweshewa. Nilipoyasoma tena maneno haya nilimkumbuka yule meneja aliyeuliza kwa nini wengine hawalalamiki. Kwa Al-Mawardi, ukimya wa watu hauwi udhuru wa mkubwa. Pengine ukimya huo ndio dalili ya kwanza ya khofu.

Sasa turudi kwenye yale maneno mawili. Subira ni nguzo ya dini, lakini subira ni kuzuia nafsi isiteleze katika haramu wakati ukiitafuta haki. Si kuiacha haki. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu amekataza kupaza maneno mabaya, akamtoa katika katazo hilo aliyedhulumiwa. Yule Mzubaydi alisubiri, na huku anapanda jabali. Ama "Mwenye nguvu mpishe," hilo ni la njiani anapopita mwenye mzigo mzito. Halikukusudiwa mwenye cheo anayewakanyaga watu.

Kwa hiyo, ewe unayeonewa kazini, andika linalokupata, siku na saa na nani alikuwapo. Sema kwa adabu kwa aliye juu, na akinyamaza panda kwa aliye juu yake. Leo pia zipo njia za sheria: Tanzania Bara kwa sheria ya kazi ya mwaka 2004, Kenya kwa sheria ya mwaka 2007, na mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 wa kukomesha ukatili na udhalilishaji kazini. Kuzitumia si utovu wa subira.

Nawe uliyeinamia kazi yako huku mwenzako anadhalilishwa, hutakiwi kupigana. Tosha useme, "Nimeona, nami ni shahidi." Al-Walid alishindwa kwa maneno ya aina hiyo kutoka kwa watu watatu.

Nawe mwenye madaraka, Mtume ametufundisha kumnusuru ndugu yetu akiwa dhalimu kwa kumzuia na dhulma yake. Basi ukimkanya msimamizi wako, umemhurumia yeye pia. Ukinyamaza, umejiandika pamoja naye.

Nami mwalimu nimejifunza. Mwanafunzi wangu sasa anafanya kazi pengine, na usingizi umeanza kumrudia. Kuhusu haki zake alizoziacha kule, nimemwambia tutakwenda pamoja kuzidai, mimi na yeye na baadhi ya jamaa wa msikitini. Amenijibu, "Inshallah, Maalim." Tungekwenda siku ile ile.

Ewe Mola, usitujaalie kuwa madhalimu, wala wasaidizi wao, wala wenye kutazama wakanyamaza. Amin.