Mbichi, Tamu na Kali: Vinywaji vya Nyumbani na Tatizo la Majina Yake katika Kiswahili cha Kikanda

Msafiri anayevuka mpaka wa Mutukula kutoka Uganda kuingia mkoa wa Kagera anaacha nyuma neno omubisi na kukutana na neno lubisi. Kwa sikio la Mbantu yeyote hayo ni maneno ya ukoo mmoja. Omubisi wa Waganda ni maji matamu ya ndizi zilizokamuliwa, ambayo hata mtoto hupewa kikombe. Lubisi ya Kagera ni pombe. Kilomita chache tu zinatenganisha kinywaji cha mtoto na kinywaji cha mtu mzima, na shina la neno halikubadilika.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha kwa ufupi jambo ambalo makala haya yanalitetea. Vinywaji vya kuburudisha vinavyotengenezwa nyumbani katika ukanda wetu vina historia ndefu, na historia hiyo imehifadhiwa katika vitenzi na vivumishi vya jikoni zaidi kuliko katika nomino. Nomino huhama, hukopwa na hubadilishana maana. Vitenzi kama kukamua, kuloweka, kufikicha, kuotesha, kugema, kuchachusha na kuzimua vimebaki vikisema kilekile. Hata hivyo, kila tunapoketi kutunga istilahi za viwango vya bidhaa au za vitabu vya shule, tunaanza kwa kutafuta nomino. Nitajaribu kueleza kwa nini njia hiyo imetufikisha mahali ambapo neno moja, juisi, linabeba vitu visivyofanana.

Kiu ya kaskazi

Pwani, joto kali huja na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Pepo hizo ndizo zilizokuwa zikileta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, kwa hiyo kwa karne nyingi majira ya kiu yalikuwa pia majira ya wageni. Hilo limeacha alama katika msamiati. Sharubati inatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunywa, mzizi uleule uliotupa kitenzi kusharabu, yaani kufyonza maji. Barafu ni neno la Kiajemi ambalo huko kwao humaanisha theluji. Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331, aliandika kwamba Mogadishu aliandaliwa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, malimau ya kachumbari, tangawizi mbichi na maembe. Viungo vingi vya vinywaji tunavyoviita vya asili vilikuwapo tayari katika sinia alilowekewa.

Sharubati ya asili haikuwa maji ya tunda. Ilikuwa shira: sukari na maji huchemshwa, hutiwa ndimu, waridi au tunda, mchanganyiko huwekwa akiba, na mgeni akifika huzimuliwa kwa maji baridi ya mtungi. Kitenzi kuzimua, ambacho leo wanafunzi wengi hawakijui, ndicho kiini cha kinywaji hicho. Kilitegemea sukari, na sukari katika pwani ya karne ya 19 ilikuwa mali ya mashamba makubwa kama yale ya bonde la mto Pangani, ambako Abushiri bin Salim, kabla ya kuongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba lake la miwa. Kwa maoni yangu sharubati ilikuwa kinywaji cha heshima, cha arusi na cha barazani, wakati kiu ya kila siku ilikatwa kwa vitu vingine.

Vitu hivyo vingine havikuhitaji sukari ya kiwandani wala majahazi. Ukwaju uliolowekwa usiku kucha, ukafikichwa kwa vidole hadi kokwa ziachane na nyama, kisha ukachujwa, hutoa maji machachu yanayokata kiu kuliko kitu chochote kitamu. Ubuyu hufanyiwa vivyo hivyo, isipokuwa unga wake hushikana na maji mapema na hauhitaji usiku mzima. Mti wa mkwaju na mti wa mbuyu ni wenyeji wa bara hili, na majina yake ni ya Kibantu. Mtungi wa udongo ulifanya kazi ya jokofu: maji hupenya kidogokidogo hadi nje, hukauka kwa upepo, na katika kukauka huchukua joto la yaliyobaki ndani. Watu husema mtungi unatoa jasho, na maelezo hayo ni sahihi kisayansi kama yalivyo sahihi kilugha.

Majina ya hatua

Pwani imetuachia pia kielelezo kizuri cha namna Kiswahili kinavyopenda kutaja hatua. Tunda la mnazi huanza kuwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, na mwisho nazi. Mtu hanywi nazi wala hakuni dafu. Jina lenyewe linaeleza wakati na matumizi, na muuzaji hana haja ya kuongeza maelezo.

Utomvu wa mnazi huo nao una hatua zake, ila hapa lugha ilitumia kivumishi. Mgema akishusha kibuyu asubuhi, kilichomo ni tembo tamu. Kikikaa, huwa tembo kali. Kikikaa zaidi, huwa siki. Jamii ya Waislamu iliyokatazwa kulewa ililazimika kuijua mipaka hiyo barabara, na lugha ikawapa maneno mawili mafupi ya kuipima.

Nilikulia Kigezi, mbali na mnazi wowote, na kwetu mipaka hiyo ilipimwa kwa bushera. Nieleze utengenezaji wake kwa kirefu kidogo, maana wenzetu wa pwani mara nyingi hudhani ni uji. Mtama mwekundu huchanganywa na majivu ya kuni na kulowekwa. Majivu hupunguza tanini, ile dutu inayokausha ulimi. Kisha nafaka huachwa zichipue kwa siku chache, huanikwa juani na kusagwa. Unga huo wa kimea hukorogwa katika maji ya moto, na hapo ndipo kazi kubwa hufanyika bila mtu kuiona: vimeng'enya vilivyozaliwa wakati wa kuchipua huvunja wanga kuwa sukari, na rojo zito hulegea likawa la kunyweka. Ukinywewa siku hiyo, ni mtamu. Siku ya pili umeanza uchachu unaoburudisha. Baada ya hapo pombe huanza kuingia. Bibi yetu hakuwahi kutuuliza kama tunataka bushera, bali aliuliza cha siku ya ngapi.

Swali hilo lilikuwa na uzito zaidi ya jikoni. Uamsho wa Kikristo uliotoka Gahini, Rwanda, ukafika Kabale katika mkutano mkubwa wa mwaka 1935, uliwafanya Balokole waiache pombe kabisa. Bushera haikuachwa. Iliendelea kuandaliwa katika arusi na ibada, kwa sharti kwamba iwe ya siku sahihi. Kwa hiyo Mwislamu wa Mombasa na Mlokole wa Kabale, ambao pengine wasingekubaliana katika mambo mengi, walitumia kipimo kimoja: hawakuuliza kinywaji kinaitwaje, waliuliza kimefikia wapi.

Togwa ya Tanzania ina mantiki hiyohiyo. Uji wa mahindi, mtama au muhogo hupozwa hadi kuwa vuguvugu, hutiwa kimea cha ulezi, na kuachwa uchachuke hadi kesho yake. Watafiti wa lishe nchini humo, kuanzia miaka ya 1980, walionyesha kwamba kimea huwezesha uji wa mtoto kuwa mwepesi huku ukibeba chakula kingi, na kwamba uchachu wake huzuia vimelea vya kuhara. Ujuzi huo ulikuwa wa akina mama kabla haujafika maabara, na neno kimea, kilichomea, lilikuwa limekwisha kuueleza.

Tukirudi sasa Mutukula tunaweza kulielewa lile fumbo. Shina -bisi ni ndugu wa -bichi la Kiswahili. Omubisi ni kilicho kibichi, ambacho hakijaguswa na moto wala muda. Ninavyoona, Kagera jina liliendelea kufuata kinywaji hata kilipoacha kuwa kibichi, wakati Buganda lilibaki penye hatua ya kwanza. Rwanda na Burundi ziliepuka mkanganyiko huo kwa kutumia mashina tofauti kabisa: umutobe kwa maji ya ndizi, na urwagwa au urwarwa kwa pombe yake.

Juisi inafunika yote

Katika karne ya 20 mambo matatu yalibadili vinywaji vya nyumbani. La kwanza ni sukari ya viwandani: Lugazi mwaka 1924 na Kakira mwaka 1930 kwa upande wa Uganda, na viwanda vingine Kenya na Tanganyika katika miongo hiyohiyo. Kilichokuwa cha mgeni kikawa cha kila siku. La pili ni umeme, ulioleta jokofu, na baadaye blenda. Kitenzi kusaga kilihama kutoka kwenye jiwe na kinu hadi kwenye kioo kinachozunguka, na parachichi, ambalo halikamuliki, likaingia katika orodha ya vinywaji. La tatu ni vinywaji vya chupa. Nchini Rwanda jina Fanta limekuwa jina la kila kinywaji cha gesi, na Kongo husemwa sukre, kutoka neno la Kifaransa la kitu chenye sukari. Safari nyingine ilielekea upande wa pili: tangawizi imeingia katika Kilingala cha Kinshasa kwa umbo la tangawisi, na huko humaanisha pia kinywaji chenyewe.

Pamoja na mabadiliko hayo lilikuja neno juisi, na likafunika kila kitu. Leo ni juisi maji ya miwa yaliyokamuliwa mbele ya mnunuzi. Ni juisi ukwaju uliolowekwa, rozela iliyochemshwa na parachichi lililosagwa. Ni juisi vilevile unga wa paketi wenye rangi na sukari, usiowahi kukutana na tunda. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2005 kinatenganisha maji halisi ya tunda na nekta iliyoongezwa maji, na vinywaji vyenye ladha tu havimo humo kabisa. Kiswahili cha sokoni hakitenganishi, na mama anayemnunulia mwanafunzi kinywaji cha mapumziko hana neno la kuulizia tofauti hiyo.

Jibu la wasanifishaji lilikuwa kufufua sharubati na kuipa maana ya maji ya matunda. Naheshimu nia hiyo, lakini ilikosea historia. Neno lililokuwa jina la shira tamu ya kuzimuliwa lilipewa kazi ya kutaja kitu kinachosifiwa kwa kutokuwa na sukari ya kuongezwa. Mtengenezaji wa maji ya rangi na sukari anayeita bidhaa yake sharubati hadanganyi mtu: kwa maana ya zamani yuko sahihi kuliko kamusi.

Niliwahi kushiriki kikao cha kupitia istilahi za lebo ambapo nusu siku iliishia kwenye mjadala wa juisi na sharubati. Mpishi mmoja aliyealikwa kama shahidi wa matumizi alinyamaza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini tusiandike tu kama kimekamuliwa au kimechanganywa. Kumbukumbu za kikao hazikulitaja swali lake.

Kuelekea lebo za vitenzi

Rwanda iliifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili iliyopo Zanzibar inatarajiwa kutoa istilahi zitakazoeleweka kutoka Mombasa hadi Lubumbashi. Katika eneo pana namna hiyo, nomino zitaendelea kugongana kama zinavyogongana Mutukula. Napendekeza kwa washauri wa sera kwamba kanuni za lebo zidai taarifa tatu, kila moja kwa neno la kawaida: kitendo kilichotumika (kimekamuliwa, kimelowekwa, kimechemshwa, kimesagwa, kimezimuliwa), hali yake (kibichi, kichachu, kikali), na, kwa vinywaji vya nafaka na ndizi, siku. Jina la mahali, liwe bushera, togwa au umutobe, libaki kama lilivyo, maana wanunuzi wanalijua na hakuna sababu ya kulisanifisha.

Mfano wa lebo ungekuwa huu: Bushera ya mtama ulioota, imechachushwa siku moja, inywewe kabla ya siku ya tatu. Wenye viwanda watasema ni ndefu. Ina maneno kumi na matatu, na paketi nyingi za unga wa rangi zina maneno mengi zaidi upande wa nyuma, kwa herufi zisizosomeka.

Kwa tembo tamu sina pendekezo la lebo. Linalogemwa alfajiri huwa limekwisha kubadilika kufikia jioni, na anayelitaka itambidi aendelee kumuuliza mgema.