Mjukuu wa Minnesota na Shamba la Babu Singida

Miaka ya 1920, Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifika Iramba kuendeleza kazi iliyoanzwa na misheni ya Leipzig ya Ujerumani. Kanisa lao lilikuwa limeanzishwa na wahamiaji wa Sweden, wakulima waliovuka bahari wakiacha mashamba yao nyuma. Kiomboi, Iambi na Kinampanda zikapata shule na hospitali, na Kiomboi ikawa na shule ya watoto wa wamisionari wenyewe. Baadaye uhusiano huo wa kanisa ukawafungulia vijana wa Singida njia ya kwenda kusoma Marekani. Ndiyo maana leo wapo Wanyiramba na Wanyaturu wanaolea watoto Minnesota.

Mtoto wa namna hiyo ana nini Singida? Ukiuliza nyumbani, utajibiwa bila kusita: ana shamba la babu yake. Jibu hilo ni la upendo, nami naliamini. Lakini shamba lenyewe limepita katika mikono mingi, na anayetaka kumrithisha mwanawe lazima aijue njia lililopita.

Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na Wanyaturu wa Wahi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, aliukuta mfumo wa kimila ukiwa bado hai. Kila mke alikuwa na nyumba yake na mashamba yake, na watoto wa kiume wa nyumba hiyo ndio waliorithi. Ng'ombe walilala bomani, samadi ikapelekwa shambani kulisha uwele na mtama. Udongo wa Singida ni wa kichanga na mvua yake ni haba, kwa hiyo shamba lililo jirani na boma lilibeba jasho la vizazi. Thamani yake ilitokana na kazi hiyo kuliko ukubwa wake. Mtu alijulikana kuwa mwenyewe kwa sababu analilima, na majirani wanamwona akilima.

Serikali ya mkoloni haikuliona hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya gavana, na marekebisho ya mwaka 1928 ndiyo yaliyotaja haki ya wenyeji wanaokalia ardhi kwa mila zao. Baada ya uhuru msimamo ulibaki kwamba ardhi ni ya taifa na mtu anamiliki haki ya kuitumia.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zikapangwa kwenye mistari, na nyuma yao yakabaki mahame: kuta za tembe zilizoanguka, makaburi ya wazee, miti iliyopandwa na mtu ambaye jina lake bado linatajwa. Kwa wengi, shamba la babu analosimuliwa mtoto wa Minnesota ni hame. Wengine walirudi kulima huko. Wengine walikuta mtu mwingine amekwisha kugawiwa shamba hilo.

Ugomvi huo ulifika mahakamani kutoka kwa majirani wa kaskazini, nchi ya Wairaqw, katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa mkulima asiye na karatasi. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanywa kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Kwa hiyo familia inayodai hame lililogawiwa mwingine wakati ule ina kumbukumbu nzito na hoja nyepesi.

Kwa aliye ng'ambo kuna mambo mengine mawili, na naona hayasemwi vya kutosha kwenye vikao vya ukoo. La kwanza ni uraia. Hatimiliki ya kimila hupewa raia. Mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania wa kuzaliwa huwa raia kwa urithi, lakini akiwa na uraia wa nchi nyingine hutakiwa kuchagua mmoja anapofikia utu uzima. Na kwa kawaida mtoto wake yeye, akizaliwa nje, haupati tena kwa njia hiyo. Waigbo wa Nigeria, ambao hujenga nyumba kijijini hata wakiishi London au Houston, wanalindwa zaidi: Katiba yao ya 1999 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje kuwa raia wa kuzaliwa na inamruhusu kubaki na uraia mwingine. Kenya iliruhusu uraia pacha mwaka 2010. Kwetu, mwaka 2024 Serikali ilipeleka bungeni muswada wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, uliogusa pia sheria ya ardhi. Hadhi si uraia, lakini kwa mjukuu huyu ni mlango ambao baba yake hakuwa nao.

La pili ni kuachwa kwa ardhi. Sheria ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji isiyotumiwa kwa miaka 5 au zaidi inaweza kuhesabiwa imetelekezwa. Vivyo hivyo kwa mtu aliyeondoka nchini bila kuweka msimamizi wala kuutaarifu uongozi wa kijiji. Hapo ndipo baba mdogo anayelima alizeti kwenye eneo hilo kila msimu anapokuwa mtu muhimu kuliko picha zote zinazotumwa kwa simu. Anayemwona kama mvamizi hajaelewa kwamba jembe lake ndilo linaloishikilia haki ya wote. Anastahili kuandikiwa makubaliano, na kulipwa heshima yake.

Mabinti nao wasiachwe. Katika mila iliyoelezwa na Schneider, dada aliyeolewa hakuhesabiwa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika kesi ya Holaria Pastory wa Kagera, alikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, na sheria ya 1999 ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Wengi walio ng'ambo ni mabinti, na watoto wao ni wajukuu wa babu yule yule.

Familia inayotaka kuanza leo iite kikao wakati wazee wanaoijua mipaka bado wanaweza kutembea. Iwatembeze watoto shambani msimu wa kulima, majirani wawaone. Kisha iende kwenye halmashauri ya kijiji kuomba hatimiliki ya kimila, na majina ya wasichana yawe ndani ya maombi.