Ziara ya Kujifunza na Majina Yake Mengine

Kikundi cha wakulima wa Saboti kikikodi matatu alfajiri kwenda kutazama mashamba ya wenzao upande wa Bungoma, safari hiyo hubadilika jina kulingana na anayeitaja. Wanachama wanasema wanakwenda tripu. Afisa wa kilimo anaiita eksposha. Kwenye ripoti ya mfadhili inageuka stadi tua, na kama waliomo garini ni wawakilishi wa wadi badala ya wakulima, basi ni benchmaki, neno ambalo tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 limewafanya Wakenya wengi wacheke kwa uchungu. Jambo lenyewe ni moja: watu wanaondoka kwao kwa pamoja, wanakwenda kwa watu waliofanikiwa kuishi na ardhi yao bila kuimaliza, wanatazama, wanauliza, wanarudi.

Kiswahili sanifu kimekwisha kulipa jambo hili jina: ziara ya mafunzo. Magazeti hulitumia, na barua za serikali pia. Mimi nusu ya jina hilo naikubali.

Neno ziara halina kasoro. Limetoka Kiarabu, kitenzi chake ni kuzuru, na Pwani bado lina uzito wa adabu kwa kuwa hutumika pia kwa kwenda kwenye makaburi ya mawalii na masharifu. Anayezuru hupiga hodi, na anajua yuko kwa wenyewe. Kinachonitatiza ni mafunzo. Mafunzo hutokana na kufunza, na mahali pa kufunza lazima awepo mwenye kufunza na mwenye kufunzwa. Ndiyo maana tuna mafunzo ya ualimu na mafunzo ya kijeshi, yenye mtaala mwanzoni na cheti mwishoni. Mwenye shamba anayetembelewa hana mtaala. Wageni wamemkuta anapalilia, na pengine ataendelea kupalilia huku akijibu maswali. Kazi ya kupata maarifa iko kwa mgeni, na kile kiambishi kidogo -ji- kinaibeba kazi hiyo vizuri: kujifunza. Kwa hiyo mimi huandika ziara ya kujifunza.

Wapo wanaopendekeza utalii wa elimu, au utalii wa jamii, na hoja yao si nyepesi. Utalii ni ndugu wa mutalaa, neno la wasomi wa zamani kwa kusoma na kuchunguza. Mzizi wao wa Kiarabu ni mmoja. Kwa asili, basi, mtalii ni mchunguzi. Lakini leo neno limeshachukuliwa na kamera na tiketi za mbugani. Mwambie mzee wa Saboti kwamba watalii wanakuja, atatafuta wacheza ngoma. Mwambie kuna watu wanakuja kujifunza, atatafuta jembe. Kaskazini mwa Tanzania, mpango wa utalii wa utamaduni ulioanza miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV ulikuwa na haki ya kujiita utalii, maana nia ilikuwa vijiji navyo vipate kitu kutokana na wageni waliokuwa wakivipita kuelekea mbugani. Ziara ya wakulima kwa wakulima ni habari nyingine.

Eneo hili la Saboti na Kitale limekuwa shule ya namna hiyo kwa miaka mingi. Karibu na mji wa Kitale kuna kituo cha kilimo cha Manor House, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho hufundisha kilimo hai cha eneo dogo, mbinu iliyoenezwa na Mmarekani John Jeavons kutoka California. Humo mgeni huonyeshwa tuta linavyochimbwa mara mbili. Udongo wa juu, sentimita 30 hivi, hutolewa kwenye mfereji na kuwekwa kando. Ule wa chini, sentimita 30 nyingine, hulegezwa kwa uma bila kupinduliwa. Kisha unachimbwa mfereji wa pili, na udongo wake wa juu ndio unaofunika ule wa kwanza. Hivyo hivyo hadi mwisho wa tuta. Kuisoma habari hii kwenye kijitabu ni rahisi. Kuishika uma na kugundua kwamba udongo uliolimwa kwa trekta miaka mingi una tabaka gumu kama sakafu ndilo somo.

Au chukua lundo la mboji. Wakulima huchomeka fimbo ndefu katikati ya lundo, wakaiacha humo. Baada ya siku kadhaa huichomoa na kuipitisha kiganjani. Ikiwa ya moto, lundo linaiva. Ikiwa baridi na kavu, linataka maji. Ikitoka na ukungu mweupe, hivyo hivyo, linataka maji. Ndicho kipimajoto chao. Wageni wote hupokezana ile fimbo, na hapo ndipo maswali ya kweli huanza.

Mbinu nyingine zimekuja na majina yenye kufurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE ilifanya majaribio kwenye mashamba ya wakulima wa Trans-Nzoia na Suba: desmodiamu ikapandwa kati ya mistari ya mahindi ili harufu yake imfukuze nondo wa kipekecha shina, na nyasi za napia zikapandwa pembezoni zimvute. Waingereza husema kusukuma kwanza, kisha kuvuta. Kwa Kiswahili ikawa vuta sukuma, na hakuna aliyelalamika. Kule Bungoma, shirika la SACRED Africa lilieneza kilimo mseto kiitwacho MBILI. Herufi hizo zinasimamia maneno ya Kiingereza, lakini mkulima husikia hesabu tu: mistari miwili ya mahindi, miwili ya maharagwe au karanga. Istilahi iliyotungwa hivyo haihitaji mkalimani.

Na mkalimani ni suala kubwa hapa. Saboti na Kitale ni kwa Wasabaoti, Wabukusu, Waturkana, Wapokoti, Wakikuyu na wengine walioletwa na skimu za makazi baada ya uhuru. Shambani wanakutana kwa Kiswahili. Maswali yote ya ziara huulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili, kisha ripoti inaandikwa Kiingereza, na mwenyeji aliyetoa maarifa hawezi kuisoma wala kuisahihisha.

Katika msamiati wa ziara hizi limebaki neno endelevu. Kiambishi -vu hutoa sifa ya mazoea: msikivu husikia, mtulivu hutulia, mpotevu hupotea. Endelevu ni chenye kuendelea, na maendeleo endelevu hutumia mzizi mmoja mara mbili bila kusema ni nini kinachoendelea. Mmomonyoko wa udongo nao huendelea. Wazo lenyewe lilizaliwa msituni: mwaka 1713 Mjerumani Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, aliandika kwamba miti ikatwe kwa kiasi kile tu kinachoweza kuota tena. Wakazi wa kandokando ya msitu wa Elgon wanaielewa hesabu hiyo, hasa wale wanaolima kati ya miche ya serikali na kuondoka miti ikishaanza kutia kivuli.

Kwa hiyo nasema bila kusita kilimo endelevu, au matumizi endelevu ya msitu. Jamii endelevu siisemi. Sifa hiyo ni ya kazi, inaweza kupimwa na inaweza kukosekana msimu ujao. Ukiwavisha watu, umewageuza maonyesho. Chepkitale, juu mlimani upande wa Bungoma, ilitangazwa hifadhi mwaka 2000, na Waogiek wa huko wakalazimika kupigania ardhi yao mahakamani. Kuwaita jamii endelevu kwenye kipeperushi cha safari watu waliohesabiwa wavamizi kwenye ramani ni dharau.

Kuna mahali pamoja ambapo neno tulilochagua hugusa mfuko. Bajeti za ziara huwa na marupurupu ya wageni, mafuta ya gari, chakula cha mchana, na mwisho kabisa kijistari cha mwenyeji, ambacho mara nyingi huandikwa chai au shukrani, na kiasi hukisiwa palepale wageni wakipanda gari. Ikiwa watu wamekwenda kujifunza, waliyejifunza kwake amefanya kazi nusu siku na mahindi yake yamekanyagwa. Kijistari hicho kiandikwe ada ya mwenyeji, kiwango kikubaliwe kabla gari halijaondoka, na nakala ya ripoti imfikie kwa Kiswahili.