Simu iliyokufa huweza kufufuliwa kwa kadi, ila nakala isiyo yake ni hatari

KATIKA mitaa ya Mchikichini na Kariakoo jijini Dar es Salaam, simu isiyowaka wala kuonyesha dalili ya chaji mara nyingi huhesabiwa kuwa bodi yake imekufa. Hata hivyo, baadhi ya simu hizo hazijaungua kitu. Zimepoteza programu ya kuwashia tu, na zipo ambazo huweza kuokolewa kwa kadi ya kumbukumbu.

Kila simu huamka kwa hatua. Ndani ya chipu kuu mna programu ndogo iliyowekwa kiwandani, ambayo haifutiki. Kazi yake ni kutafuta programu inayofuata katika kumbukumbu ya ndani. Umeme ukikatika wakati fundi anaflashi simu, au programu ya simu nyingine ikiingizwa kwa makosa, mnyororo huo hukatika na simu huzima kabisa.

Baadhi ya chipu, zikikosa programu hiyo ndani, huitafuta katika kadi. Chipu za Allwinner, zilizotumika katika tableti nyingi za bei nafuu kutoka China, huanza na kadi kabla ya kumbukumbu ya ndani.

Kunakili mafaili ya kawaida hakutoshi. Programu ya kuwashia hukaa katika nafasi maalumu za kadi, nje ya mafaili yanayoonekana. Kwa sababu hiyo hutakiwa nakala kamili, inayochukuliwa kipande kwa kipande, kila kimoja kikiwa na baiti 512. Kazi hiyo hufanywa na programu ya dd katika Linux, au Win32 Disk Imager katika Windows. Fundi akikosea kuchagua diski, anaweza kufuta kompyuta yake mwenyewe.

Nakala huchukuliwa kutoka simu nzima ya modeli ileile, kisha huandikwa katika kadi na kuwekwa katika simu iliyokufa. Ikiwaka, kazi bado haijakwisha: ni lazima kumbukumbu ya ndani iandikwe upya kwa programu ya mtengenezaji, vinginevyo kadi ikitolewa simu hurudi kaburini.

Jina la simu pekee si kigezo. Samsung Galaxy S3 ya mwaka 2012 iliuzwa kwa jina moja, lakini GT-I9300 ilikuwa na chipu ya Exynos na SGH-I747 ya Marekani ilikuwa na chipu ya Qualcomm. Nakala ya moja haifai kwa nyingine.

Kadi nayo ni mtihani. Kadi mbili zilizoandikwa GB 32 huweza kutofautiana kidogo kwa ukubwa, na nakala ya iliyo kubwa isienee katika ndogo. Zipo pia kadi bandia, zinazodai nafasi kubwa kuliko zilizonayo. Data inayozidi hupotea kimyakimya.

Hatari kubwa zaidi ni kunakili kupita kiasi. Kinachohitajika ni sehemu ya kuwashia tu. Fundi akihamisha kumbukumbu yote ya simu ya mtu mwingine, huhamisha pia picha na siri za mwenyewe, na huweza kuharibu eneo linalohifadhi IMEI, namba ya utambulisho yenye tarakimu 15. Simu yaweza kuwaka vizuri lakini ikakosa mtandao.

Nchini Tanzania jambo hilo lina uzito wa kisheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kubadili IMEI, na Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisimamia kuzimwa kwa simu bandia nchini.

Mteja hana budi kuandika IMEI ya simu yake mapema, kwa kubonyeza *#06# ingali nzima, na kuilinganisha baada ya matengenezo. Aidha, asitarajie muujiza. Simu nyingi za kisasa hukataa programu isiyo na saini ya mtengenezaji, na pale kumbukumbu ya ndani yenyewe ilipoharibika, kadi haiwezi kuiponya.

Kwa mfanyabiashara ambaye hesabu na namba za wateja wake zimo katika simu hiyo, kinga iliyo bora ni kuhifadhi nakala zake mahali pengine kabla simu haijazima.