Vitabu vya Tanga na Daftari la Washington

Rasi ya Raskazone imejitokeza baharini upande wa mashariki wa mji wa Tanga. Wasomao historia waijua kwa vita vya Novemba 1914, wakati majeshi ya Uingereza na Bara Hindi yaliposhuka pwani yake, yakapigwa na majeshi ya Wadachi, yakarudi merikebuni. Miaka miwili haikutimia, bendera ya Uingereza ikatwekwa Tanga, mwezi wa Julai 1916. Nyuma ya bendera hiyo zilifuata sheria nyingi, na moja katika hizo haikupigiwa mizinga: sheria ya hakimiliki ya mwaka 1911. Sheria hiyo ndiyo iliyokuja kuamua kitabu kilichotungwa na mtu wa Tanga ni mali ya nani, kwa muda gani, na baada ya kufa kwake kitarudi kwa nani. Kwa ajili yake, miaka 80 baada ya 1916, jambo lililohusu vitabu vya Tanga lilifunguliwa katika daftari la serikali mjini Washington, na watu wachache mno wa pwani walipata habari.

Katika watunzi wa Tanga hapana anayeonyesha jambo hili wazi kuliko Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, kisha akafanya kazi katika ofisi nyingine za serikali, na miaka yake ya mwisho ya utumishi aliimaliza Tanga. Mchana alijaza madaftari ya serikali. Saa zake mwenyewe alizitia katika utungaji. Lakini vitabu vyake vilizaliwa mbali na nyumbani. Pambo la Lugha kilitolewa Johannesburg mwaka 1948 na matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kusadikika kilitolewa na Nelson wa Uingereza mwaka 1951, na Adili na Nduguze kikatolewa na Macmillan wa London mwaka 1952. Mtunzi alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika.

Isidhaniwe kwamba watu wa pwani hawakujua maana ya mwenye kazi mpaka walipofundishwa na wageni. Kabla ya matbaa kufika, mtunzi wa utenzi mara nyingi alitaja katika beti za mwisho jina lake na la baba yake, pengine na mji wake na tarehe ya kukamilisha kazi. Mnakili aliyezifuta beti hizo alijulikana kuwa amefanya jambo la aibu. Huo ulikuwa uandikishaji wa namna yake: ushahidi ulikaa ndani ya kazi yenyewe, wala haukuhitaji ofisi.

Marekani ilishika njia nyingine kabisa. Kwa sheria yake ya mwaka 1909, kitabu kilichochapishwa kilipaswa kubeba tangazo la hakimiliki, kikaandikishwa, na katika mwaka wa 28 kikaombewa muda wa pili. Mwenyewe akisahau, haki ilikufa na kitabu kikawa cha watu wote. Kwa mfano, kitabu cha mwaka 1951 kilipaswa kuombewa upya kabla ya mwisho wa mwaka 1979. Watoaji wa vitabu wa New York walikuwa na makarani wa kukumbuka tarehe hizo. Mjane au mtoto wa mtunzi wa Machui hakuwa na karani wa aina hiyo. Hivyo kazi nyingi za nchi za ng'ambo ziliangukia mikononi mwa umma wa Marekani, si kwa kuwa wenyewe walizitupa, bali kwa kuwa hawakujaza hati ambayo hawakupata kuiona.

Mambo yalianza kubadilika Machi 1989, Marekani ilipoingia katika Mapatano ya Berne, ambayo hayaruhusu haki ya mtunzi ifungwe na masharti ya kuandikishwa. Mabadiliko makubwa yakaja kwa sheria iliyotiwa sahihi Desemba 8, 1994, baada ya mazungumzo ya biashara ya dunia. Sheria hiyo ilisema kwamba tangu Januari 1, 1996 kazi za kigeni zilizopoteza hakimiliki Marekani kwa kukosa kutimiza masharti, au kwa kukosa mapatano baina ya nchi mbili, zirudishiwe haki zao, mradi nchi yake iwe katika mapatano hayo na muda wake uwe haujakwisha nyumbani kwake. Tanzania ilikuwa imekwisha kuingia Berne mwaka 1994, na katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 1995. Uingereza na Afrika Kusini nazo zilikuwamo.

Hapo ndipo penye ajabu ya kwanza. Kwa hesabu ya sheria hii, nchi ya kitabu si kijiji cha mtunzi, bali ni nchi kilipochapishwa kwanza. Kusadikika, kilichotungwa na Mswahili kwa Kiswahili, kikahesabiwa kuwa kitabu cha Uingereza. Uingereza huhesabu maisha ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake, yaani mpaka mwisho wa mwaka 2032. Marekani humpa mwenye kazi iliyorudishwa muda ambao angaliupata kama asingalipoteza haki, yaani miaka 95 tangu kuchapishwa, nao utakwisha mwisho wa 2046. Sheria ya Tanzania, kama ilivyotungwa mwaka 1999, iliweka maisha na miaka 50, kipimo ambacho kwa mtu aliyekufa 1962 kinakomea mwisho wa 2012. Basi kitabu kimoja chaweza kuwa huru mjini Tanga na kikawa bado kina mwenyewe mjini Chicago.

Ajabu ya pili ni juu ya daftari lenyewe. Haki ilirudi yenyewe, bila ombi; usiku wa kuamkia mwaka 1996 haikutakiwa sahihi ya mtu yeyote. Lakini kurudi kwa haki ni jambo moja, na kuweza kuitumia ni jambo jingine. Wako watu Marekani waliokwisha kuanza kuzitumia kazi hizo wakiamini hazina mwenyewe, na sheria haikutaka washitukizwe. Kwa hiyo mwenye haki aliambiwa awape taarifa ya kwamba anakusudia kuidai. Angeweza kumpelekea taarifa mtu mmoja mmoja, au angeweza kuiweka katika Ofisi ya Hakimiliki mjini Washington ndani ya miezi 24, yaani mpaka mwisho wa mwaka 1997, na taarifa hiyo moja ingewafunga watumiaji wote wa namna hiyo. Baada ya taarifa walipewa miezi 12 ya kumaliza shughuli zao. Mbali na taarifa hiyo kulikuwa na fomu za pekee za kuandikisha dai la kazi iliyorudishwa. Uandikishaji huo haukuwa sharti la kuwa na haki, ila ulimpa mwenyewe ushahidi wenye nguvu mbele ya mahakama.

Taarifa ilitaka nini? Jina la kitabu, tafsiri yake kwa Kiingereza, majina mengine ya kitabu kama yapo, jina la mwenye haki, anwani yake na nambari ya simu, sahihi, na ada ya dola 30 kwa kazi moja, na dola moja kwa kila kazi ya ziada. Hakuna hata kimoja katika hivi kilichomshinda mrithi wa mtunzi wa pwani. Angekosa simu, angeandikiwa na wakala. Kilichomshinda kilikuwa habari. Orodha za taarifa zilitangazwa kila miezi minne katika gazeti rasmi la serikali ya Marekani, gazeti lisilouzwa sokoni Ngamiani. Tanzania yenyewe haikuwa bado na chombo cha kuwaamsha watunzi, maana COSOTA kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, mlango wa Washington ulipokwisha kufungwa.

Ajabu ya tatu yahusu huyo aliyerudishiwa. Sheria ya Marekani ilisema haki irudi kwa mtunzi, au kwa mwenye haki wa kwanza kadiri ya sheria ya nchi ya kitabu. Hapa ndipo ile sheria ya 1911 inapoinuka tena. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba mtunzi akiuza haki yake akiwa hai, baada ya kupita miaka 25 tangu kufa kwake haki hiyo imrudie mrithi, hata kama mkataba ulisema imeuzwa moja kwa moja. Kwa mtunzi aliyekufa mwaka 1962, siku ya kurudi ilikuwa mwaka 1987. Kifungu hiki si maneno ya kitabuni tu. Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyeurekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939 na kuuza haki yake kwa shilingi kumi, alikufa mwaka uo huo wa 1962. Warithi wake waliposhika kifungu hicho dhidi ya Disney, kesi ilimalizwa kwa suluhu mwaka 2006 nao wakapata sehemu yao.

Ama kuhusu muziki, bahati haikuwa sawa. Tanga ya miaka ya 1960 ilisikika Afrika ya Mashariki nzima kwa Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na taarabu ya Black Star. Rekodi za kigeni zilizofanywa kabla ya Februari 15, 1972 zilikuwa miongoni mwa kazi zilizorudishiwa haki Marekani. Lakini katika sheria zilizofuata mfano wa Uingereza, mwenye rekodi wa kwanza alikuwa yule aliyeifanya sahani, si mwimbaji. Basi rekodi iliporudi, ilirudi kwenye studio. Mtunzi wa wimbo alibaki na maneno na sauti zake tu, kama aliweza kuthibitisha kuwa ni zake.

Haki hiyo haikukosa wapinzani. Wapigaji muziki na walimu wa Marekani walilalamika kwamba kazi zilizokuwa huru zimenyang'anywa umma. Katika kesi ya Golan, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Januari 18, 2012, kwa majaji sita dhidi ya wawili, kwamba sheria haikuvunja katiba. Hoja ya walalamikaji si ndogo, kwani mwanachuo anayetaka kuchapa kitabu adimu cha Kiswahili na asimjue wa kumwomba ruhusa huumia kweli. Lakini dawa ya shida hiyo ni kujulikana kwa mwenye haki, wala si kumsahau.

Muda wa taarifa ya jumla umepita, ila mlango haukufungwa wote. Taarifa kwa mtumiaji mmoja mmoja bado yaweza kupelekwa maadamu muda wa haki unaendelea, na dai laweza kuandikishwa. Kinachotakiwa ni karatasi: mkataba wa zamani, ukurasa wa jina wenye mwaka na mahali pa chapa ya kwanza, wosia au hati ya mirathi. Barua alizomwandikia Shaaban Robert ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hata 1958 zilitunzwa, na mwaka 2002 zikatolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Ni dalili kwamba kilichowekwa na mkono wa ndugu chaweza kuishi kuliko kilichoachwa ofisini. Wazee wa mrima waliyatia majina yao ndani ya tenzi ili yasipotee njiani. Vitabu vilivyopita Raskazone vikichukuliwa na meli havikuwa na ubeti wa namna hiyo, na kazi ya kuuandika imewaangukia warithi na wasomi wa leo.