Mkono, jicho na mteremko wa Kinole

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, lakini mazao ya Kinole, mashariki mwa milima ya Uluguru, yaliendelea kwa miaka mingi kushuka vichwani mwa wakulima. Yakaja malori, kisha pikipiki. Mwaka 2010 serikali ilipotoa kanuni za leseni za kusafirisha kwa pikipiki na bajaji, bodaboda ikawa kazi inayotambulika kisheria.

Mtazame dereva anayeshuka na mikungu miwili ya ndizi. Mzigo umelemea nyuma, gurudumu la mbele limekuwa jepesi, usukani unachelewa kutii. Anaweka gia ndogo injini imshikie mwendo, breki anaigusa kidogo kidogo. Pikipiki ikivutwa na korongo, jicho linaona, mkono unarudisha, jicho linapima tena.

Mzunguko huo ndio uliomshughulisha mhandisi Mwingereza Arnold Tustin wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipochunguza jinsi askari walivyozungusha mizinga kufuata shabaha. Katika makala yake ya mwaka 1947 alimhesabu mtu kuwa kiungo cha mtambo: anapokea kosa, anatoa sahihisho, na anapimika kwa hesabu zilezile za mitambo. Kenneth Craik wa Cambridge alikuwa kwenye njia hiyohiyo hadi ajali ya baiskeli ilipomuua mwaka 1945.

Hesabu hizo zilifichua tatizo la kuchelewa. Mkono ukichelewa robo sekunde tu, pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa imeshapita mita mbili. Anayechelewa kisha akasahihisha kwa nguvu hupitiliza. Akirudisha, anapitiliza upande wa pili. Ndivyo mwanagenzi anavyoyumba kwenye tope hadi akaanguka.

Nchini Marekani, katika miaka ya 1960, Duane McRuer na wenzake waliwapima marubani wakagundua jambo kubwa: tabia ya mashine ikibadilika, mtu hubadilisha mkono wake, hata wawili hao kwa pamoja wakaenda karibu vilevile. Mashine ikiwa nzito kutii, mtu huanza kuiwahi. Ikiwa nyepesi, hulegeza mkono. Deiwaka anayepokezwa pikipiki ya mwenzake hufanya hivyohivyo: kona chache tu, naye ameshaizoea klachi ngeni.

Kufikia mwaka 1977 McRuer alikuwa ameupeleka uchunguzi huo kwa madereva wa magari. Dereva mzoefu hasubiri kosa litokee; husoma barabara iliyo mbele na kukata kona kwa wakati, sahihisho likabakiwa na kazi ndogo. Kusoma huko hakuji kwa kona chache. Kunataka masika na kiangazi juu ya mteremko uleule, na mzigo nyuma. Kwa hiyo mafunzo ya leseni yanayoishia kwenye uwanja tambarare, juu ya pikipiki tupu, hayatoshi kwa vijana wa Kinole. Wafundishwe mlimani, wakiwa wamebeba.